Nondo mdogo adimu wa milimani: namna ya kumtambua na kumwekea kumbukumbu

Neno "nondo" lina maana mbili tunazozisikia kila siku. Kwa fundi ujenzi ni chuma cha kuweka ndani ya zege. Katika makala hii ni mdudu, ndugu wa kipepeo, anayeruka zaidi usiku na kuizunguka taa ya barazani. Wala hatumzungumzii yule mkubwa wa kahawia ambaye watoto humkimbia. Tunamzungumzia mdogo, ambaye akitandaza mabawa hafikii upana wa ukucha wa kidole gumba, na ambaye wengi humfuta mezani kwa kitambaa wakidhani ni vumbi.

Ni rahisi kumdharau mdudu wa namna hiyo. Lakini miongoni mwa nondo wadogo wamo wanaokula kahawa, nyanya na viazi vyetu, na wamo wanaoishi kwenye mmea mmoja tu, katika bonde moja tu. Hawa wa pili ndio tunaowaita adimu. Mdudu adimu ambaye hakuandikwa popote hana tofauti na mdudu ambaye hakuwahi kuwapo, kwa sababu siku akitoweka hakuna atakayejua kilichopotea. Kumwandika si kazi ya profesa peke yake. Mwalimu, mkulima au mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya, mradi afuate utaratibu.

Nondo mdogo ni yupi

Nondo na vipepeo ni kundi moja la wadudu. Mabawa yao yamefunikwa na magamba madogo sana, ule unga unaobaki kidoleni ukimshika mmoja. Wanasayansi wamekwisha kuzipa majina spishi zaidi ya 150,000 za kundi hili duniani. Vipepeo ni kama 18,000 tu kati ya hizo. Waliobaki wote ni nondo.

Njia ya haraka ya kuwatofautisha ni kuangalia vipapasio, yaani zile nyuzi mbili za kichwani. Vya kipepeo huishia na kifundo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Vya nondo huwa kama uzi, kama msumeno au kama unyoya. Kipepeo akitua mara nyingi husimamisha mabawa juu ya mgongo. Nondo wengi huyalaza kama paa la nyumba au huyakunja kuzunguka mwili.

Maisha yake yana hatua nne: yai, kiwavi, pupa, kisha nondo mwenyewe. Kiwavi ndiye mlaji mkubwa. Kwa nondo wadogo wengi, kiwavi ni mdogo kiasi cha kuishi ndani ya jani lenyewe, kati ya ngozi ya juu na ya chini, akichimba njia kama mchimbaji wa madini. Wengine hukunja jani kwa nyuzi, wengine hutoboa tunda, mbegu au kijiti. Kwa hiyo kumtafuta nondo mdogo mara nyingi huanza na kutafuta jani lililoliwa kwa namna ya pekee.

"Adimu" maana yake nini

Neno hili hutumika ovyo, na lina maana tatu zinazopaswa kutenganishwa.

Kwanza, kuna spishi ambayo kweli ina watu wachache, tuseme hivyo: idadi yake ni ndogo hata pale inapoishi. Pili, kuna spishi ambayo si chache pale ilipo, ila mahali penyewe ni padogo, kwa sababu inategemea mmea fulani au hali ya hewa ya kimo fulani. Ukifyeka bonde lile moja, umemaliza. Tatu, kuna spishi inayoitwa adimu kwa sababu tu hakuna aliyewahi kuitafuta. Hii ya tatu ndiyo ya kuwaza kwanza unapokuwa katika miinuko ya Kigoma.

Linganisha na vipepeo. Jan Kielland, raia wa Norway aliyefanya kazi kwa miaka mingi magharibi mwa Tanzania, alichapisha mwaka 1990 kitabu kizima kuhusu vipepeo wa nchi hii. Mtu akiona kipepeo asiyemjua Kasulu, ana mahali pa kuanzia. Kwa nondo wadogo hakuna kitabu cha aina hiyo. Kinachojulikana kinatokana na maeneo machache ambako mtu fulani alikaa na taa yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti mwingine wa Norway, Leif Aarvik, alikusanya nondo wadogo Morogoro, na kazi yake pamoja na wenzake imetoa majina mapya ya spishi ambazo sayansi haikuwa nazo. Nondo hao hawakuzaliwa mwaka ule. Walikuwapo siku zote; alichokosekana ni mtu wa kuwatazama.

Kwa sababu hiyo ramani ya nondo mara nyingi ni ramani ya watazamaji. Penye mtaalamu, nukta ni nyingi. Pasipo mtaalamu, ramani ni nyeupe, na msomaji asiye mwangalifu hudhani weupe huo maana yake hakuna kitu.

Kwa nini miinuko yetu

Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kutoka Kigoma mjini kuelekea Manyovu na Heru Juu, unafika kwenye ardhi ya kati ya mita 1,500 na 1,750. Katika safari hiyo fupi unaacha michikichi na joto la ziwani, unapita miombo, na unaingia kwenye migomba, kahawa, maharage na ubaridi wa asubuhi. Upande wa Kibondo ardhi inateremka tena kuelekea miombo mikubwa na mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu, mwaka 2000.

Kila ngazi ya kimo ina mimea yake, na nondo wadogo hufuata mimea. Nondo wa ufukweni si lazima awe nondo wa Manyovu. Gombe, iliyokuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968, imetazamwa na watafiti tangu Jane Goodall alipofika mwaka 1960, ingawa macho yao yalikuwa zaidi kwa sokwe. Miinuko ya wakulima haijapata hata hilo. Na huku juu msitu uliobaki ni vipande: kando ya vijito, kwenye makorongo yasiyolimika, kwenye makaburi ya zamani. Vipande hivyo hupungua kila msimu wa kuandaa mashamba.

Anza na unayemjua: kidomozi wa kahawa

Kabla ya kumtafuta nondo asiyejulikana, jifunze kwa yule aliye shambani. Wakulima wa kahawa wanamfahamu kidomozi kwa madhara yake: mabaka ya kahawia juu ya jani la mbuni. Ukilikunja jani penye baka, ngozi ya juu hupasuka na ndani utaona viwavi weupe wadogo. Kiwavi akikomaa hutoka, hushuka kwa uzi wake na kujifuma kifukofuko cheupe juu ya jani. Nondo anayetoka ni mweupe mwenye kung'aa, na bawa lake lina urefu wa milimita 3 tu.

Kwa miaka mingi wataalamu walimwandika kidomozi wa Afrika kwa jina la Leucoptera coffeella, ambalo ni jina la nondo wa kahawa wa Amerika lililotolewa mwaka 1842. Mwaka 1940 ndipo ilipowekwa wazi kwamba wa kwetu si yule, na tena si mmoja. Spishi mbili zilipewa majina mwaka huo huo: Leucoptera meyricki na Leucoptera caffeina.

Ukiwatazama wakiwa wametua huwezi kuwatenganisha. Lakini mkulima mwenye macho mazuri anaweza kuwatenganisha kwa mayai. Caffeina hutaga mayai kwa mstari ulionyooka, yakigusana, kandokando ya mshipa mkuu wa jani. Meyricki huyatawanya juu ya jani bila kugusana. Tena meyricki hupenda zaidi kahawa iliyo juani, na caffeina hupenda zaidi kahawa yenye kivuli.

Somo hapa ni tatu. Kwanza, jina lililozoeleka linaweza kuwa si sahihi kwa miaka karibu 100. Pili, alama ya kumtambua mdudu inaweza kuwa si kwake mwenyewe, bali kwenye kazi yake: yai, shimo, baka, kifukofuko. Tatu, jina sahihi lina faida ya fedha. Nchini Kenya, katika miaka ya 1950 na 1960, meyricki aligeuka kuwa tatizo kubwa kwenye mashamba yaliyopigwa sana dawa, na watafiti walieleza kwamba dawa ziliwaua nyigu wadogo ambao hutaga ndani ya viwavi wa kidomozi na kuwapunguza. Asiyejua anayepambana naye huweza kununua dawa ya kumwua mlinzi wake.

Hatua za kumtambua

Fuata mpangilio huu, kuanzia jambo lililo wazi hadi lililo gumu.

Ukubwa. Pima urefu kutoka kichwani hadi ncha ya mabawa yakiwa yamelala. Weka rula au karatasi yenye mistari ya milimita pembeni yake unapopiga picha. Picha isiyo na kipimo humfanya nondo wa milimita 4 aonekane sawa na wa milimita 15.

Mkao. Huu husema mengi kuliko rangi. Anayenyoosha mabawa membamba pembeni hadi afanane na herufi T huenda ni wa familia ya Pterophoridae, ambao mabawa yao yamechanika kama manyoya. Aliye kama kengele ukimtazama kwa juu huenda ni wa Tortricidae, ambao wengi hukunja majani. Anayeinua kifua juu kwa miguu ya mbele kama mbwa aliyekaa huenda ni wa Gracillariidae, ambao viwavi wao huchimba majani. Mwenye vidomo viwili virefu vilivyopinda kwenda juu mbele ya uso kama pembe, na mabawa membamba, huenda ni wa Gelechiidae.

Kichwa. Angalia urefu wa vipapasio ukilinganisha na bawa. Angalia kama nywele za kichwani zimelala laini au zimesimama kama za mtoto aliyeamka. Picha moja ya uso kutoka mbele ina thamani ya picha kumi za mgongo.

Mabawa. Andika rangi ya msingi, kisha alama: nukta, mistari, mabaka, na ziko sehemu gani ya bawa. Bawa la mbele na la nyuma huandikwa kando. Nondo mzee hupoteza magamba na alama zake, kwa hiyo andika pia kama amechakaa.

Mmea na kazi yake. Alikuwa kwenye mmea gani? Umbo la njia ndani ya jani likoje: mstari unaopinda kama nyoka, au baka la mviringo? Uchafu wake umepangwa katikati ya njia au umetawanyika? Kama hujui jina la kitaalamu la mmea, andika la Kiha au la Kiswahili, na ulihifadhi jani pamoja na ua kama lipo.

Baada ya hatua hizo utakuwa umefika kwenye familia, na mara nyingine kwenye jenasi. Kwenda mpaka spishi kwa nondo wadogo wengi hakuwezekani kwa macho wala kwa picha. Spishi mbili zinaweza kufanana mabawa kabisa na zikatofautiana tu kwenye umbo la viungo vya uzazi, vinavyochunguzwa kwa hadubini baada ya kuandaliwa kwa dawa maabara, au kwenye vinasaba.

Edward Meyrick, mwalimu wa shule wa Uingereza aliyefariki mwaka 1938, alizipa majina spishi zaidi ya 14,000 za nondo wadogo kutoka pande zote za dunia, akitegemea zaidi mabawa na kichwa. Jina la meyricki linamkumbuka yeye. Kazi yake ilikuwa kubwa mno, lakini wataalamu waliokuja baadaye walilazimika kurudi kwenye sampuli zake na kuchunguza viungo alivyoviacha. Walifanikiwa kwa sababu sampuli zilikuwa zimetunzwa. Jina hubadilika, sampuli yenye maelezo hubaki.

Kwa hiyo usione aibu kuandika "familia Gelechiidae, spishi haijajulikana". Kumbukumbu inayosimama pale ushahidi unapoishia ni bora kuliko jina la kubahatisha. Vivyo hivyo kwa programu za simu zinazopendekeza majina: zimefunzwa kwa picha nyingi za Ulaya na Marekani, na kwa nondo wa Kigoma huweza kukupa jina la mdudu ambaye hajawahi kuvuka bahari.

Kumtafuta usiku na mchana

Usiku, tundika shuka jeupe ukutani au kati ya miti miwili na uwashe taa mbele yake. Taa yenye mwanga wa urujuani huvuta zaidi kuliko balbu ya manjano. Chagua usiku wa giza, wenye joto na mawingu, usio na upepo. Wavuvi wa dagaa wa ziwani wanaijua kanuni hii: mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti. Majuma ya kwanza ya mvua, mwezi Oktoba na Novemba, majani mapya yanapochipua, huwa na nondo wengi.

Mfahamishe mwenyekiti wa kitongoji kabla ya kuwasha taa porini. Manyovu iko mpakani na Burundi, na mtu mwenye taa na shuka kwenye korongo usiku wa manane ataulizwa maswali, na ni haki aulizwe.

Mchana, tafuta majani yaliyochimbwa. Chukua jani lenye kiwavi hai, liweke kwenye chupa safi yenye kipande cha karatasi chenye unyevu kidogo, ufunike kwa kitambaa chepesi na uweke kivulini. Andika tarehe na mmea siku hiyo hiyo. Baada ya siku kadhaa au majuma atatoka nondo, au atatoka nyigu mdogo aliyemla kiwavi. Matokeo yote mawili ni kumbukumbu. Nondo aliyefugwa hivi ana thamani kuliko aliyekuja kwenye taa, kwa kuwa umethibitisha chakula chake, na magamba yake yako kamili.

Kumbukumbu kamili ina nini

Kumbukumbu ina mambo manne yasiyoachwa: nini, wapi, lini, nani. Likikosekana moja, iliyobaki haina kazi. La tano ni namna: taa, kufuga, au kuonekana mchana. Mfano wa kuandika ni huu:

Tanzania, Mkoa wa Kigoma, Wilaya ya Buhigwe, jina la kijiji na kitongoji. Kando ya kijito, mita 1,560. GPS kwa nukta tano. 12 Novemba, mwaka kamili, 20:15 hadi 22:00. Taa na shuka. Jina la aliyekusanya. Namba ya picha au ya sampuli.

Hapa kwetu kuna mitego minne ya kuangalia.

Saa. Saa yetu ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza. "Saa 2 usiku" ikisomwa na mtu wa nje inageuka saa nane za usiku wa manane. Tumia mfumo wa saa 24: 20:00.

Tarehe. Andika mwezi kwa neno. 12/11 kwa Mtanzania ni Novemba. Kwa Mmarekani ni Desemba.

GPS. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na latitudo yetu huandikwa na alama ya kutoa mbele. Ukiiacha alama hiyo, nondo wa Buhigwe atawekwa nyuzi nne na nusu kaskazini, ambako ni Sudan Kusini.

Wilaya. Mwaka 2012 Buhigwe ilitenganishwa na Kasulu, na Kakonko ikatenganishwa na Kibondo. Sampuli ya zamani iliyoandikwa "Kasulu" inaweza kuwa ya Manyovu, na iliyoandikwa "Kigoma" tu inaweza kuwa ya popote mkoani. Siku zote andika kijiji, kwa sababu mipaka ya utawala huhama na mlima hauhami.

Kuna jambo jingine ambalo wengi huliacha: usiku ambao hukumwona. Kama uliwasha taa usiku 10 na nondo yule akaja mara 1, andika usiku wote 10. Bila hizo 9, atakayekuja baada ya miaka 20 hawezi kusema kama amepungua, ameongezeka, au ni bahati tu.

Picha, sampuli na sheria

Kupiga picha na kuandika kwenye shamba lako mwenyewe ni kazi ya kila mtu. Kukusanya sampuli kwa utafiti ni jambo lenye taratibu: kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI, na ndani ya hifadhi za taifa au misitu ya hifadhi kuna mamlaka zake. Kupeleka sampuli nje ya nchi bila vibali hakuruhusiwi, hata kama ni mdudu mdogo kuliko punje ya mchele. Mgeni akikuomba umtumie nondo kwenye bahasha, mwulize vibali kwanza.

Panapohitajika sampuli, moja au mbili zinatosha. Nondo huwekwa kwenye kichupa kikavu ndani ya jokofu la kugandisha, si kwenye maji wala mkononi. Karatasi ya maelezo huandikwa kwa penseli au wino usiofutika, na hukaa na sampuli yenyewe. Daftari lililopotea likiwa peke yake na maelezo yote limeua sampuli zote.

Pa kupeleka

Programu ya iNaturalist hupokea picha, tarehe na mahali, kisha watazamaji wengine huchangia utambuzi. Kumbukumbu zilizothibitishwa humo huingia GBIF, kanzidata ya dunia ya viumbe hai yenye makao Copenhagen. Tanzania inashiriki humo kupitia TanBIF, chini ya COSTECH. Kwa majina ya nondo wa Afrika kusini mwa Sahara ipo kanzidata ya Afromoths, inayoonyesha kila spishi iliyopewa jina na nchi ilikoandikwa. Ukiikuta spishi haina Tanzania kwenye orodha yake, usishangilie bado. Tafuta mtaalamu, mpe picha na maelezo yote, naye atasema kama sampuli inahitajika.

Kama mdudu yuko kwenye zao, nenda kwa afisa ugani. Kwa kahawa, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ina kituo chake Mwayaya, hapa Buhigwe. Kwa mdudu mgeni kwenye zao jingine, mamlaka ya afya ya mimea ni TPHPA yenye makao Arusha.

Kantangaze: gharama ya kuchelewa kutambua

Anayedhani haya yote ni mambo ya wasomi amkumbuke kantangaze. Meyrick alimpa jina la absoluta mwaka 1917 kutokana na sampuli ya Peru. Ni nondo wa kijivu mwenye urefu wa milimita 6 hivi, anayefanana sana na nondo wa viazi aliyekuwapo Afrika muda mrefu. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akashuka Afrika Kaskazini, na mwaka 2014 akathibitishwa Kenya na Tanzania. Shamba la nyanya lisilodhibitiwa linaweza kuliwa lote au karibu lote.

Nondo wa aina hiyo hafiki kwa tarumbeta. Siku ya kwanza ni mmoja, kwenye jani moja, na anafanana na wengine waliopo. Atakayemgundua mapema ni yule anayewajua wa nyumbani kwake vizuri kiasi cha kusema: huyu si wa hapa. Na anayewajua wa nyumbani ndiye huyo huyo atakayesema: huyu ni wa hapa, na sijamwona kwingine kokote. Kazi ya kumlinda adimu na kazi ya kumkamata mharibifu ni kazi moja, na hutumia daftari moja.

Pa kuanzia ni padogo. Chagua kipande kimoja cha msitu kilichobaki karibu na kwako, au shamba moja la kahawa. Lipitie mara 1 kila mwezi kwa mwaka mzima, mchana kwa majani na usiku kwa taa, na uandike mambo yale manne kila mara, hata siku isiyo na kitu. Baada ya miezi 12 utakuwa na orodha ya nondo wa kipande hicho, yenye tarehe na mahali pake.